Kibao Cheupe cha Anyesi

Mke wangu Anyesi anafua vitambaa vya altare vya kigango chetu cha Kasoli, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na ukitaka kugombana naye mwambie nguo fulani haijatakata. Mimi niliwahi kumwambia hivyo mara moja tu, mwaka tuliooana, kuhusu shati langu. Wiki nzima nilivaa shati nililolifua mwenyewe, na nilionekana hivyo. Kwa hiyo ofisi ya mradi wa malisho ilipokuja kijijini kutafuta mtu makini wa kutunza kibao cheupe, hapakuwa na haja ya kupiga kura.

Nieleze kwanza hicho kibao ni cha nini. Mimi mwenyewe nilichukua miezi kuelewa, na muda wote huo nilikuwa natikisa kichwa kana kwamba nimeelewa.

Kuna setilaiti inapita juu yetu kila baada ya siku tano, saa nne na nusu asubuhi, inapiga picha za nyasi. Kutokana na picha hizo wataalamu hutoa namba ya ukijani. Sifuri ni ardhi tupu, na kadiri namba inavyopanda ndivyo majani yanavyokuwa mabichi. Tabu ni kwamba jicho la setilaiti nalo linazeeka. Jua la huko juu linalipiga mwaka hadi mwaka, linaanza kuona pungufu, na hakuna fundi wa kupanda kwenda kulishika. Sisi wakulima wa pamba mambo haya tunayajua kwa mizani. Mizani ikichoka haitangazi. Inaendelea kukupa namba kwa uso mkavu vilevile. Dawa yake ni kuweka juu yake jiwe unalolijua uzito, uone imekosea kiasi gani.

Jiwe la kuipima setilaiti ile lilikuwa nyasi za kwetu, zikipimwa na mtu aliyesimama katikati yake. Mtu huyo alikuwa Anyesi. Alipewa mashine ndogo ya kupima mwanga, kama tochi hivi, na kibao cheupe cha ukubwa wa mfuniko wa sufuria. Kazi yake ilikuwa kukipima kibao kwanza, ili mashine ijue weupe wa kweli ukoje siku hiyo, halafu kuzipima nyasi, kisha kutuma namba kwa simu.

"Mama Keneth, kibao hiki ndicho kila kitu," Dokta Benedikta alimwambia Anyesi. Alikuwa msichana mwembamba wa ofisi ya mradi kule Mwanza, mwenye kucheka haraka. "Kikichafuka, tumia maji safi na kitambaa laini. Basi. Usiongeze kitu kingine."

"Mwanangu," Anyesi alimjibu, "weupe ndiyo kazi yangu."

Nyasi zenyewe ni za ngitili ya kijiji, yaani malisho tunayoyafunga mvua zikianza, yasikanyagwe na ng'ombe hata mmoja mpaka kiangazi kibane. Kufunga ngitili hakuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye kuifungua. Mwenye ng'ombe wengi akizitazama nyasi anaona zimekauka, zinaharibika bure, zifunguliwe leo. Asiye na ng'ombe, anayetaka majani ya kuezekea, anaziona mbichi mpaka anashangaa. Mimi nina ng'ombe ishirini na watatu, kwa hiyo macho yangu mnaweza kuyakadiria. Tulibishana miaka mingi, hadi mwenyekiti wetu wa kijiji, Athanasi, akachoka. Akapitisha kwamba namba ndiyo itakayoamua: ukijani ukishuka chini ya thelathini, ngitili inafunguliwa; usiposhuka, kila mtu anyamaze.

Basi Anyesi akaanza kupima, Agosti 2024. Kila siku ya setilaiti ilipofika, jua liwake au mawingu yatishe, alitoka na kofia yake ya ukindu, kibao kimefungwa kwenye kanga, mimi nikiachwa na chai niliyojichemshia. Njiani watu walimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu wa setilaiti!" naye akaitikia bila kucheka, kwa sababu alilichukulia jina hilo la mama wa setilaiti kuwa cheo.

Miezi minane ya kwanza, namba zake na za setilaiti hazikupatana. Setilaiti ikisema arobaini na nne, Anyesi alisema hamsini na mbili. Setilaiti thelathini na tano, Anyesi arobaini na tatu. Daima yeye ndiye aliyeziona nyasi kuwa mbichi zaidi, kwa saba au nane. Ofisini Mwanza wakaanza kuulizana nani amekosea, jicho la angani au mama wa Kasoli. Nadhani mnajua watu huanza kumshuku nani.

Ndipo ikaja Jumamosi Kuu.

Kwetu hakuna kitu cheupe kinachoingia Pasaka bila kufuliwa. Siku hiyo uani kwangu huwezi kupita: vitambaa vya altare, kanzu za watumishi, magauni ya kwaya, mashuka, mpaka soksi. Na nguo nyeupe ya kwetu haisuuzwi hivihivi, lazima ipite kwenye bluu. Unayeyusha bluu kidogo kwenye beseni, nguo inazama, ikitoka inang'aa mpaka unafumba jicho. Sasa asubuhi ile kibao kilikuwa kimeanikwa juu ya kichanja, na kuku mmoja akapanda, akatembea juu yake, akaacha muhuri wake katikati kabisa.

Anyesi alisugua kwa maji na kitambaa laini, kama alivyoagizwa. Doa likabaki, la manjano. Akasugua tena. Mimi nilikuwa nimekaa pale nachambua maharage, nikamwona anasimama, anakitazama kibao, analitazama beseni, anakitazama kibao tena.

"Pasaka hii," alisema, "hakuna kitu cheupe kitakacholala na doa nyumbani kwangu."

Akakizamisha kwenye bluu, kikalala humo usiku kucha. Jumapili kilikuwa kinameremeta. Hata mimi nilikisifia.

Na tazama maajabu: kuanzia wiki ile, namba zikapatana. Setilaiti arobaini na sita, Anyesi arobaini na sita. Setilaiti arobaini, Anyesi arobaini na moja. Dokta Benedikta alipiga simu mwenyewe kumpongeza. Alisema mkono wa Mama Keneth sasa umetulia, kwamba vipimo vya miezi minane ya mwanzo huenda vilikuwa vya kujifunzia na vitawekwa kando, na kwamba Julai atakuja kijijini na cheti cha mpimaji bora wa mkoa mzima wa Simiyu. Anyesi alifurahi, lakini hilo la "kujifunzia" lilimkwaza. Alizunguka nalo siku mbili. "Nilipima vizuri," aliniambia. "Nilipima vilevile kama ninavyopima sasa." Nikamwambia mtu akipewa cheti hachunguzi.

Julai ikafika, msimu wa kuvuna pamba, nyumba imejaa pamba mpaka tunalala kama tuko mawinguni. Setilaiti ikatoa ishirini na tisa. Anyesi akapima: ishirini na tisa. Athanasi akaitisha mkutano wa Jumatano ijayo, wa kufungua ngitili na kushuhudia cheti, vyote kwa pamoja. Niliziandaa kamba zangu kwa raha. Ng'ombe wangu walikuwa wameanza kuonyesha mbavu, na mimi nilishawaona kwa akili wakiwa ndani ya zile nyasi.

Anyesi peke yake ndiye hakuwa na raha. "Baba Keneth, nimeshika zile nyasi kwa mkono," aliniambia. "Chini kwenye mashina bado ni mbichi. Mwaka juzi zilikuwa hivi, tukasubiri hadi Septemba. Tukifungua sasa, Oktoba ng'ombe watakula nini?"

"Namba imesema," nilimjibu. Nilikuwa nimeipenda sana sayansi wiki hiyo.

Siku ya Jumatatu akaja Felisita, mwenyekiti wa akina mama kigangoni, amebeba kitambaa kimoja cha altare. Alikuja na utani kama kawaida yake. "Mama Keneth, safari hii bluu umeimwaga! Padri amesema akisimama altareni anajiona yuko ziwani Lamadi."

Tulicheka wote watatu, kisha nikagundua tumebaki kucheka wawili. Anyesi aliingia ndani akatoka na kibao. Akakiweka juu ya lundo la pamba tuliyoichuma asubuhi ile. Pembeni ya pamba, kibao chetu cheupe kuliko vyote kilikuwa na ubluu, kidogo tu, kama maziwa yaliyochanganywa maji.

Akaleta daftari lake. Anyesi huandika kila kitu, hata asichoagizwa, na kila siku ya kipimo alikuwa akiandika pia mashine ilivyokisoma kibao chenyewe, rangi kwa rangi. Kabla ya Pasaka mwanga mwekundu wa kibao ulikuwa juu. Baada ya Pasaka umeshuka, ukakaa huko chini hadi leo.

"Ni mimi," alisema Anyesi. "Namba zimepatana kwa sababu niliharibu kibao."

Felisita aliona hali imebadilika, akachukua kitambaa chake akaaga. Tulipobaki wawili, nikamwambia mke wangu anyamaze.

Niseme ukweli wote, maana habari hii haina faida nikijipamba. Nilimwambia cheti kinakuja kesho kutwa, kijiji kizima kitakuwepo. Nilimwambia akisema atafukuzwa kazi ile aliyoipenda, na watu watamwita mayu wa bluu mpaka afe. Nilimwambia Dokta Benedikta naye ataaibika mbele ya wakubwa wake. Yote hayo yalikuwa kweli, lakini hayakuwa sababu yangu. Sababu yangu ilikuwa na miguu minne na pembe, na ilikuwa inalia zizini.

"Yaya," alinikatalia kwa Kisukuma, ambacho hukitumia akishafunga mjadala. Akaenda kuchambua pamba. Usiku ule hakulala vizuri, nilimsikia. Aliogopa, jamani. Alikuwa na jina zuri Kasoli nzima na alijua analipeleka wapi.

Jumatano watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Dokta Benedikta alishuka kwenye gari na cheti ndani ya fremu ya kioo, akaamkia wazee, "Mwangaluka," kwa lafudhi ya mjini iliyowafurahisha sana. Athanasi alifungua mkutano, akasoma namba mbili, ya juu na ya chini, ishirini na tisa kwa ishirini na tisa. Wenye ng'ombe wakapiga makofi. Mimi nilipiga pia, ila mikono ilikuwa mizito.

Anyesi akasimama kabla hajaitwa. Alikuwa amekifunga kibao kwenye kanga kama mtoto.

"Ndugu zangu, kabla ya cheti," alisema. Akakifunua kibao, akakiinua. "Namba yangu si ya kweli. Jumamosi Kuu nilikiloweka kibao kwenye bluu. Niliambiwa maji tu, nikajifanya najua zaidi. Tangu siku hiyo kila nilichopima kimepinda. Naomba ngitili isifunguliwe kwa namba yangu."

Mzee Mhoja, mwenye ng'ombe zaidi ya mia, ndiye aliyesema kwanza. "Bluu ya nguo?" aliuliza. "Bluu ya shilingi mia mbili?" Watu wengine wakaanza kucheka, wengine wakaguna. Dokta Benedikta hakucheka wala hakuguna. Alikichukua kibao, akakigeuza juani, kisha akakimbia kwenye gari, mbio kabisa na sketi yake ya ofisini, akarudi na kibao kingine ndani ya sanduku. Kilikuwa kipya, hakijawahi kuguswa; alikuwa akikipeleka kwa mpimaji mwingine kule Lalago.

"Twendeni kwenye ngitili," alisema. "Wote. Sasa hivi."

Tukaenda, mkutano mzima, wazee kwa fimbo zao na akina mama kwa watoto mgongoni. Anyesi alipima mwenyewe. Dokta hakugusa mashine. Kwanza kwa kibao cha bluu: ishirini na tisa. Kisha kwa kibao kipya, nyasi zilezile, dakika ileile. Alisoma, akakodoa macho, akampa Athanasi asome kwa sauti.

"Thelathini na saba," alisoma Athanasi.

Nane. Ileile nane ya miezi yote kabla ya Pasaka.

Dokta Benedikta alikaa chini kwenye nyasi akaanza kucheka, na machozi yakamlengalenga. Akatueleza polepole. Majani mabichi hula mwanga mwekundu, na hurudisha kwa wingi mwanga mwingine ambao macho yetu hayauoni. Jicho la setilaiti lilikuwa limechoka kuuona ule usioonekana, ndiyo maana likaziona nyasi zetu kuwa kavu. Bluu nayo ilikula mwanga mwekundu wa kibao, mashine ikadhani mwekundu wa nyasi ni mwingi, nayo ikaziona nyasi kavu kwa kiasi kilekile. Makosa mawili tofauti, moja la angani na moja la kwenye beseni, yalikutana Kasoli yakafanana, na ofisi nzima ikayapigia makofi.

"Tulikuwa tunataka kuvitupa vipimo vyako vya mwanzo, Mama Keneth," alisema. "Kumbe ndivyo vya kweli. Setilaiti ndiyo mgonjwa."

"Sijaharibu kila kitu?" Anyesi aliuliza.

"Umeniambia siku. Jumamosi Kuu. Unajua nimefanya kazi hii miaka saba? Vyombo vyote vinakosea, nimezoea. Hakuna kilichowahi kuniambia kimeanza siku gani. Kwa kibao hiki kipya tunarekebisha kila ulichopima tangu siku hiyo, hata namba moja haipotei."

Athanasi, ambaye hupenda jambo liishe na muhtasari wake, akauliza kama nyumbani kwa Mama Keneth kulikuwa na mwingine aliyejua. Anyesi alifungua mdomo. Nilijua anataka kunifunika, namfahamu. Nikanyoosha mkono kabla hajasema, nao ulikuwa mzito kuliko gunia la pamba.

"Mimi nilijua tangu Jumatatu," nilisema. "Na nilimwambia anyamaze, kwa sababu ya ng'ombe wangu."

Sitaki kueleza sana nilivyojisikia. Niliona aibu, inatosha. Wenzangu wenye ng'ombe walitazama viatu vyao, na nina hakika kadhaa wao wangefanya kama mimi. Mzee Mhoja alinihurumia, akageuza mazungumzo. "Dokta, sasa hilo jicho bovu kwa nini msilishushe mkalitengeneza?"

"Haliwezi kushuka, mzee. Litabaki hukohuko. Tukishajua linakosea kiasi gani, tunaongeza nane, tunaendelea kulitumia."

"Hilo si gumu," alisema Anyesi. Alikuwa anakunja kanga yake, hamtazami mtu. "Hata mimi ninalo nyumbani, mwaka wa ishirini na nne huu. Siwezi kulirudisha kwao. Nimeshajua linazidisha kiasi gani, huwa napunguza."

Kicheko kilichopigwa siku ile katika ngitili kilikwenda kikarudi. Felisita alilazimika kushikwa. Dokta Benedikta alicheka mpaka akakikumbatia kibao, akakumbuka, akakiweka mbali na nguo yake upesi. Na mimi nilicheka pia, kwanza kwa kujilazimisha, halafu kweli, kwa sababu nilipomtazama mke wangu nilikuta ananitazama, na nikajua nimesamehewa.

Ngitili haikufunguliwa Julai. Ilifunguliwa tarehe mbili Septemba, namba iliposhuka kwa haki. Tukiwa tumesimama tunawaangalia ng'ombe wakiingia, nilimwambia Anyesi nyasi hizi zitatufikisha Krismasi. Alizitazama, akanitazama.

"Tuseme katikati ya Novemba," alisema.

Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe kumi na moja Novemba. Siku hiyo ndani ya ngitili palikuwa pamebaki nyasi za siku tatu, labda nne. Nilisimama mlangoni mwa zizi nimelowa, nikawahesabu ng'ombe wangu wakipita, wote ishirini na watatu, wamekonda lakini wanatembea. Kama mke wangu angenisikiliza ile Jumatatu, nisingekuwa na wa kuhesabu.